Simu Kutoka Nje: Jinsi ya Kuilipia Ushuru na Kuiweka Sawa IMEI Yake, Kuanzia Busia hadi Nakuru

Kila Desemba meza yangu hapa Kisumu, hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga, hujaa simu zilizotoka mbali. Kuna iliyobebwa na shangazi kutoka Doha, kuna ya kijana aliyevuka Busia asubuhi na kurudi jioni, na kulikuwa na mama mmoja wa Kondele ambaye simu yake, aliyotumiwa kwa kifurushi na bintiye aliyeko Uingereza, ilikuwa bado haijafika. Mama huyo alikuja ameshika noti za shilingi 3,000 mkononi. Kulikuwa na kijana mtaani aliyemwambia kwamba asipomlipa "amsajilie IMEI," yaani nambari ya utambulisho ya kila simu, simu itazimwa baada ya siku saba.

"Mama, rudisha pesa kwenye mkoba," nikamwambia. "Hiyo ada haipo."

Ushuru upo, tena si mdogo, na ndio nitakaoueleza hapa kwa urefu. Lakini hakuna mtu wa mtaani anayeweza kukulipia kwa kuchukua picha ya IMEI yako kwenye WhatsApp.

Sheria imefika wapi

Hofu ya kuzimiwa simu haikutoka hewani. Wenye umri wangu tunakumbuka Septemba 30, 2012, simu bandia zaidi ya milioni 1 zilipokatwa kwenye mitandao na watu wakaamka na vipande vya plastiki mfukoni. Kisha Oktoba 24, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ikatoa notisi kwamba kuanzia Januari 1, 2025 simu zisizolipiwa ushuru zisiruhusiwe kwenye mitandao. Novemba 5, Mamlaka ya Mapato, KRA, ikafuata na yake: anayeingiza simu atangaze IMEI ya kila moja, na msafiri aiandike kwenye fomu F88 anapoingia nchini. Simu zilizokuwa hewani kufikia Oktoba 31, 2024 hazikuguswa.

Shirika la Katiba Institute lilikwenda mahakamani kupinga, likisema kwamba daftari la namna hiyo linaweza kutumiwa kuwachungulia watu. Julai 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akazifuta notisi zote mbili kwa kuwa zinakiuka Katiba.

Wengi walisikia habari hiyo nusu. Kilichofutwa ni agizo la kukusanya IMEI. Ushuru wa kuingiza simu nchini unatoka kwenye sheria nyingine kabisa, ile ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na sheria zetu za kodi, nao haukuguswa hata kidogo. Afisa wa forodha akikukuta na simu mpya tatu ndani ya begi, hukumu ile haitakusaidia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anasajili wapi, namjibu hivi: usajili wa kweli ni ile karatasi ya forodha yenye jina lako, PIN yako ya KRA na stakabadhi ya malipo. Mimi huhakikisha IMEI imo kwenye karatasi hiyo hata kama silazimishwi. Sababu yangu nitaieleza mbele.

Kabla ya yote, soma IMEI

Piga *#06#. Kwenye simu za siku hizi hutokea mistari mingi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ule mrefu wenye tarakimu 32 ni EID, ya laini ya kidijitali (eSIM), si huo. IMEI ina tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, na zote mbili ni za simu hiyo hiyo, ziandike zote. Linganisha na kibandiko cha kwenye boksi na kilichoandikwa kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu." Zote tatu zikikubaliana, endelea. Isipokubaliana hata moja, usinunue, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba maboksi yalichanganywa tu.

Tarakimu 8 za kwanza zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kukagulia. Hiyo ya mwisho unaweza kuihesabu kwa kalamu. Chukua nambari ya mfano 490154203237518. Weka 8 ya mwisho kando. Katika zile 14 zilizobaki, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. 9 inakuwa 18, yaani 1 na 8, yaani 9. 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14 yaani 5, na 1 inakuwa 2. Jumla yake ni 30. Tarakimu ambazo hukuzidisha ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5: jumla 22. Ukiunganisha unapata 52. Ili kufika 60 zinahitajika 8, na 8 ndiyo iliyokuwa mwisho. Nambari ni halali.

Hesabu hiyo haikuhakikishii kwamba simu ni halisi, kwa sababu tapeli hunakili nambari nzuri ya simu nyingine. Lakini inanasa nambari zilizobuniwa, na inanasa makosa ya kuandika, ambayo ni mengi kuliko utapeli.

Neno moja kwa mafundi wenzangu: kubadilisha IMEI ni kosa la jinai chini ya sheria ya mawasiliano. Mteja akikuomba, mrudishie simu yake.

Hesabu ya ushuru

Hapa ndipo watu hushtuka, kwa sababu wanasikia "asilimia 25" na kudhani ndiyo mwisho. Kuna tozo tano, na mbili kati yake zinapanda juu ya mgongo wa nyingine. Viwango ninavyotumia ni hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 (huu uliingia Julai 2022 kwa simu zinazotoka nje), VAT asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji bidhaa (IDF) asilimia 2.5, na tozo ya reli asilimia 2, ambayo ilikuwa 1.5 hadi mwisho wa 2024.

Tuseme simu ina thamani ya shilingi 30,000 ikifika mpakani, pamoja na usafiri na bima.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya 30,000: shilingi 7,500. Ushuru wa bidhaa haupigwi kwa 30,000; unapigwa kwa 37,500, yaani thamani pamoja na ushuru uliotangulia: 3,750. VAT nayo inapigwa kwa zote hizo, yaani 41,250: shilingi 6,600. IDF na reli zinarudi kwenye thamani ya mwanzo: 750 na 600.

Jumla 19,200. Hiyo ni asilimia 64 ya thamani ya simu. Ukitaka njia ya mkato, zidisha thamani kwa 0.64 na utapata kodi yote. Simu ya 10,000 inavuta 6,400.

Fanya hesabu hii kabla ya kununua. Nimewaona watu wanaofurahia kuokoa shilingi 8,000 kwa kununua ng'ambo, kisha wanalipa 20,000 mpakani na nauli juu. Simu nyingi za bei ya chini haina maana kabisa kuzifuata nje. Kule Athi River kuna kiwanda kilichozinduliwa Oktoba 2023 kinachounganisha simu hapa hapa, na simu zake hazibebi mzigo huu wote.

Mambo mawili juu ya neno "thamani." Simu ikija kwa ndege, sheria ya forodha ya Jumuiya inasema nauli ya ndege isiongezwe kwenye thamani ya kutozwa ushuru. Kwa barabara, inaongezwa. Kwa hiyo ukipokea makadirio ya kifurushi cha ndege, angalia kama nauli imeingizwa, na kama imo, uliza kwa heshima. La pili, dola au pauni hubadilishwa kwa kiwango ambacho KRA hutangaza kila wiki, si kile ulichoona kwenye benki yako.

Viwango vinaweza kubadilika kila Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Ile asilimia 25 ni uamuzi wa Kenya ndani ya Jumuiya na huchapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Ukiwa unapanga mzigo mkubwa, piga KRA kwenye 0711 099 999 uthibitishe kwanza. Waambie nambari ya bidhaa: simu janja ni 8517.13.00, simu ndogo za vitufe, yaani kabambe na mulika mwizi, ni 8517.14.00. Ukiitaja nambari hiyo mazungumzo yanakuwa mafupi na ya maana.

Ukivukia Busia au Malaba

Kwa sisi wa huku magharibi huu ndio mlango mkubwa, na ndio wenye uongo mwingi. Uongo wa kwanza ni kwamba Uganda ni Jumuiya, kwa hiyo hakuna ushuru. Msamaha wa Jumuiya ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na huthibitishwa kwa cheti cha asili. Nyanya za Tororo zinapita hivyo. Simu iliyotengenezwa Uchina na kuuzwa dukani Kampala haikugeuka kuwa ya Uganda kwa kulala kwenye rafu ya Uganda.

Uongo wa pili ni njia za panya. Kijana wa bodaboda atakwambia dakika kumi tu na umevuka. Hakuambii kwamba bidhaa za magendo hutaifishwa, na kwamba ukaguzi haufanywi mpakani peke yake. Barabara ya kurudi Kisumu ina vizuizi. Ukikamatwa pale huna tena nafasi ya kusema "nilikuwa naenda kulipa."

Njia yenyewe ni hii. Ukinunua upande wa Uganda, dai stakabadhi yenye jina la duka, tarehe, aina ya simu, bei na IMEI. Muuzaji akikataa kuandika IMEI, ondoka. Mwenye mali safi haogopi kuandika tarakimu 15. Usimwombe apunguze bei kwenye stakabadhi. Maafisa wana bei za kulinganisha, na wakiikataa stakabadhi yako watakadiria wenyewe. Tangu hapo hutaaminika hata kwa lililo kweli.

Mpaka wa Busia ni wa kituo kimoja, yaani kazi za nchi zote mbili hufanyika upande unaoingia. Ukitoka Uganda, unashughulikiwa upande wa Kenya, na maafisa wa Uganda wako humo humo. Usisubiri kuulizwa. Nenda kwenye dirisha la forodha la KRA, sema una simu ya kutangaza. Beba kitambulisho, PIN ya KRA (ile inayoanza na herufi, tarakimu tisa, kisha herufi) na stakabadhi. Kama ni simu moja au mbili za matumizi yako, afisa huweza kukukadiria pale pale. Kama ni mzigo wa biashara, unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, ambaye ataingiza tamko kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA.

Ukimaliza kukadiriwa utapewa slipu ya malipo yenye nambari inayoitwa PRN. Soma slipu yote kabla ya kulipa: jina, PIN, idadi ya simu, thamani, kila tozo. Lipa kwa benki au kwa M-Pesa, ukitumia Paybill iliyochapishwa kwenye slipu yenyewe na PRN ikiwa ndiyo nambari ya akaunti. Sentensi hiyo irudie mara mbili kichwani. Pesa za serikali haziendi kwa nambari ya mtu, hata awe amevaa kizibao cha kung'aa na kubeba redio ya mkononi. Ukiombwa "chai" ili mambo yaende haraka, omba slipu. Kwa kawaida mwenye kuomba hugeuka akaangalia kwingine.

Malipo yakionekana kwenye mfumo, subiri karatasi ya kuruhusu mali iondoke. Usiondoke na ujumbe wa M-Pesa pekee. Ujumbe huo unasema umelipa. Hausemi umelipia nini.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Miaka kadhaa iliyopita niliingiza simu sita kupitia wakala mmoja, jina nalihifadhi. Nilimlipa, akanipa karatasi, nikaikunja bila kusoma. Miezi mitano baadaye mteja wangu akaibiwa simu, ikapatikana na mtu mwingine, na polisi wakataka ushahidi kwamba ndiyo ile niliyomuuzia. Kufungua karatasi, naona wakala ameandika IMEI za simu nne, mbili kati yake mara mbili mbili, kwa sababu alinakili IMEI ya pili ya kila moja ya hizo mbili kana kwamba ni simu nyingine. Simu mbili hazikuwa popote. Ushuru wa simu sita ulilipwa, lakini ushahidi wa mbili haukuwepo. Kurekebisha tamko lililofungwa kulinigharimu wiki mbili na nauli tatu za kwenda Busia. Siku hizi ninasimama nyuma ya kiti cha wakala na kumsomea tarakimu moja moja, naye ananirudishia kwa sauti. Ananiona msumbufu. Sawa.

Ikija kwa kifurushi

Kampuni ya usafirishaji au Posta hushughulikia forodha kwa niaba yako, mara nyingi Nairobi, kabla kifurushi hakijafika Kisumu au Nakuru. Utatumiwa makadirio. Ndani yake kuna kodi na kuna ada ya kampuni ya kukuhudumia. Zitenganishe ujue kipi ni cha KRA na kipi ni chao.

Anayekutumia aweke ankara ya duka ndani na nje ya boksi, aandike aina ya simu, IMEI, PIN yako na bei halisi. Kuandika "zawadi" hakufuti ushuru. Bintiye yule mama wa Kondele alikuwa ameandika "zawadi, pauni 10" kwa simu ambayo hata mtoto angejua ni ya mamia ya pauni, na kifurushi kikakaa siku nyingi kikisubiri ankara ya kweli. Alitaka kumpunguzia mama gharama. Akamwongezea safari.

Jihadhari na ujumbe wa "kifurushi chako kimekwama, tuma 2,500." Chukua nambari ya kufuatilia uliyopewa na aliyetuma, iingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Usibonyeze kiungo kilicho kwenye ujumbe.

Ikija mkononi mwa msafiri

Simu ambayo mtu anaitumia, imo mfukoni ina picha za wajukuu, ni mali yake ya safari na haimletei shida. Boksi lililofungwa na nailoni yake ni bidhaa. Maboksi manne ni biashara, hata ukisema ni za binamu. Shangazi akikubebea simu mpya, abebe na stakabadhi, aijaze kwenye F88 na apite mlango wa wenye kutangaza. Akipita mlango mwingine akakaguliwa, atakayeaibika ni yeye, si wewe uliyemwagiza.

Kwa wanaoagiza iPhone kutoka Marekani: kuanzia iPhone 14, zile za kule hazina tundu la laini kabisa. Ukilipa ushuru wa simu kama hiyo hujatatua tatizo la kuweka laini, kwa hiyo zungumza na mtandao wako mapema kuhusu laini ya kidijitali.

Ukinunua dukani

Hapa mzigo wa forodha ulikuwa wa mwenye duka, lakini mwenye kushikwa na simu ni wewe. Simu za Ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zimejaa kuanzia Kenyatta Avenue ya Nakuru hadi Kakamega, na nyingi ni nzuri. Dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, iwe na IMEI. Risiti ya eTIMS unaweza kuikagua kwenye tovuti ya KRA kwa nambari yake, ukaona kama ilitolewa kweli. Kisha iwashe simu mbele ya muuzaji hadi mwisho wa kuweka akaunti mpya. Ikidai akaunti ya mwenye zamani, hiyo bado ni ya mtu. Weka laini ya Safaricom na ya Airtel kwa zamu, maana kuna simu zilizofungwa kwenye mtandao mmoja wa ng'ambo na muuzaji anajua.

Karatasi zako

Piga picha ya stakabadhi ya ununuzi, karatasi ya forodha, risiti ya malipo yenye PRN, na kibandiko cha boksi. Zitume kwa barua pepe yako mwenyewe, usiziache ndani ya simu hiyo hiyo. Ikiibwa, IMEI ndiyo ya kwanza utakayoulizwa kituo cha polisi unapoandikisha OB, yaani kwenye kitabu cha matukio, na simu iliyobeba jibu itakuwa imeshaenda. Ukiuza, mpe mnunuzi nakala na uandike tarehe ya kumkabidhi.

Mama wa Kondele aliwasilisha ankara, akalipa kodi kwa PRN akiwa amekaa hapa hapa kwenye benchi langu, na baada ya siku nne simu ikafika. Nilimchapishia karatasi zote. Ameikunja ya KRA mara nne na kuiweka chini ya chaja ndani ya boksi, na picha yake iko kwenye simu ya bintiye Uingereza.